Tamim na Ukurasa wa Mwisho

Al Baraha, Dubai

Dada yangu Hind,

Salamu nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotutesa.

Bibi hainuki tena kitandani na macho yamefifia, kwa hiyo kila alasiri namsomea riwaya ya upelelezi ya zama za masultani. Mpelelezi wake mnene, anaogopa punda, na Bibi hucheka mpaka akohoe. Alimshuku tabibu tangu mwanzo. "Usinidokeze," hunambia, "nitamkamata muuaji mwenyewe."

Jana mchumba wangu Tamim alikuja kumtazama. Alikichukua kitabu, akafunua ukurasa wa mwisho, akamwinamia sikioni. "Muuaji ni mpishi, Bibi." Kisha akacheka, akanitazama ili nami nicheke.

Bibi aliniomba nimgeuzie uso ukutani.

Nilimfuata Tamim mlangoni nikamuuliza kwa nini kafanya vile. Akajibu, "Kwani angewahi kukimaliza?"

Kinyaa kilinishika, dada. Kikombe alichonywea nilikitupa, na pete nimeirudisha kwao leo asubuhi. Mama bado hajui, anaalika watu wa harusi. Mwambie wewe, tafadhali, maana mimi jina la Tamim silitaji tena.

Mdogo wako,
Mawadda