Mkoba Kwenye Kiti Changu

Mke mwenzangu Bi Zuwena,

Sijakhitari. Huyo aliyekufikishia kwamba nimeshakata shauri nakuya na ile meli ya ng'ombe ni mrongo, na kama ni yule nnayemdhani mimi, ni mrongo tangu utoto wake. Mimi nimesema tu kuwa ya ng'ombe ina pazia. Kusema ina pazia si kusema nakuya nayo. Anayeniandikia ni Rukia, binti wa dada yangu, yule uliyekuwa ukimpa kaimati dirishani. Sasa ni mwalimu, asomesha chuo humu tini, na watoto wamekwenda kula, basi nimemkamata. Anambia, "Khalati, anza kwa salamu." Salamu zako zimo, Zuwena. Sisi wazima wote, ila paka amekufa.

Umeniuliza, kwa kinywa cha yule baharia wa jahazi uliyemtuma, nitakuya na meli gani kutembea huko Unguja, nyeupe au ya ng'ombe, upate kwenda forodhani kuningojea. Meli ni mbili zile zile na maneno ni yale yale. Zote zatia nanga hapa nje mwezi huu, nyeupe mbele, ya ng'ombe nyuma yake. Ali mwanangu ndiye atakayenisindikiza, naye ataka jawabu leo, kwa kuwa wakili wa meli afunga leo. Yeye Ali ataka ya ng'ombe. "Mama, kule wanawake wana chumba chao." Kana kwamba ningali na umri wa kuibwa.

Nasema haya nimeketi wikioni. Lingaliko wikio letu, chumba hiki kilichopita yuu ya ndia, mlango mmoya kwako, mmoya kwangu. Boriti mbili zimeliwa na mchwa, Ali amezitoa. Watu wa hapa Amu husema Bwana Shee alijenga wikio ili wakeze wasitoke nje. Mimi nasema alilijenga ili asitoke yeye. Mvua ikinyesha alikuwa hapendi hata kufungua mlango, mume wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu. Nikisikia makubadhi yake yakenda upande wako, nalala. Wewe ukiyasikia yakiya kwangu, walala. Tuligombana juu ya nazi, juu ya kuku, juu ya nani amemaliza mayi ya birika. Juu yake yeye hatukupata kugombana, na sijui kama hilo lilimfurahisha.

Alipokufa tukakaa eda pamoya humu humu, kwa sababu wifi yetu Bi Mkuu alisema miguu yake haiwezi ngazi za nyumba mbili. Wakumbuka? Hapana kioo, hapana wanja, hapana udi, hapana kutungulia ndiani, ingawa tulitungulia. Siku moya wachambua mtele, ukasema kama mtu asemaye na sinia:

"Masikini, aliniahidi kunipeleka Unguja."

"Nani?"

"Mume wetu. Alinambia, tutakwenda kutembea mimi nawe wawili, si kwa biashara wala kwa msiba, kutembea tu. Usimwambie mwenzio."

Nikakuuliza, "Na meli gani?"

"Nyeupe."

Basi mimi aliniahidi ile ya ng'ombe. Kwa maneno hayo hayo, pamoya na hilo la usimwambie mwenzio. Na kote alikokwenda yule bwana, sisi hakupata kutuvusha hata Manda hapa ng'ambo. Tukateka, Zuwena, mbavu zikatuuma. Tukateka katika eda, nguo midomoni, matozi yatutoka, mpaka Bi Mkuu akapanda ngazi asizoziweza.

"Mwateka nini, enyi wajane?"

Ukamwambia, "Twamkumbuka marehemu."

Akaketi akalia naye. Akasema hajapata kuona wake waliompenda mume hivi.

Siku ile ndipo tuliposema tukitoka edani twenda wenyewe, kwa thumuni yetu ya urithi, wala hatumngoji mtu. Hilo halikutupa taabu. Taabu ilikuwa meli.

Mimi nikasema ya ng'ombe, na sikusema kwa sababu ndiyo niliyoahidiwa. Ni kweli yanuka. Yaya nao ng'ombe kutoka Kismayu, na mtu akishuka Unguja hata nywele zanuka zizi. Lakini ina chumba cha wanawake na pazia zito, sarahangi wake, mkubwa wa mabaharia, ni Mbajuni, na wakati wa sala hujulikana. Nyeupe ni ya watu wa kutembea. Wazungu wako yuu, sisi tumewekewa sitaha ya nyuma, viti vya turubali, peupe, mabaharia wapita mbele yako, upepo wakufunua. Na mpishi ni Mgoa, si Mwislamu. Nani ayua yana kikaango kilikaangiwa nini?

"Tutatukua mikate yetu," ukasema.

"Na pazia nalo tutatukua?"

"Bi Esha, pazia nimelikalia tangu kuvunja ungo. Kwa baba pazia, arusini pazia, kwa mume pazia, na humu wikioni dirisha la kiganja. Leo nakwenda kutembea, nikakae nyuma ya pazia jengine, kisha nirudi niseme nimeona bahari?"

"Bahari waiona darini kila siku."

"Naiona. Yenyewe haijapata kuniona."

Nikaenda kutia chumvi mtuzi ambao nilikuwa nimeshautia chumvi. Ali mwanangu alikula akamaliza, mtoto yule ana adabu.

Ndipo tukaona tuswali istikhara, Mwenyezi Mungu atuonyeshe la kheri. Kosa letu ni kuswali wawili kwa jambo moya, wewe upande ule wa wikio, mimi upande huu, kama watu wavutao kamba. Rukia ateka. Teka, lakini nimeshamuuliza shehe, naye alisema istikhara si mashindano. Alisema hayo tumeshakwisha kuswali.

Asubuhi Bi Mkuu ameketi katikati, angoja. Akaanza na mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa.

"Umeota nini, Esha?"

"Nimeota napika."

"Hiyo si jawabu. Hiyo ni kila siku. Wewe, Zuwena?"

Nawe uso wako wang'aa. "Nimeota weupe. Weupe mtupu, kama mtu aliyetiwa ndani ya maziwa. Nanyosha mkono wangu, siuoni."

Ulikuwa umeshaiona meli yako. Mimi nikasema, "Weupe mtupu ni sanda." Ndivyo tulivyofundishwa ndoto tangu udogo, weupe wa nguo ni harusi, weupe usio na mtu ni sanda. Bi Mkuu akalishika neno, akashuka nalo ngazi, na kabla ya alasiri Amu nzima yayua kuwa Zuwena ameota sanda. Kaka yako akaya akakukataza. Ukamsikiliza mpaka mwisho, ukamtilia kahawa, ukamwambia, "Basi kama ni sanda, kheri inikute nimekaa kitini."

Na ulikuwa umeshakata tiketi mbili za nyeupe, yako na yangu, bila kuniuliza. Ulisema siku ikifika nitakuya tu.

Asubuhi ya safari ukasimama mlango wa wikio, buibui lako jipya, mkoba mkononi, ule wa ukili wenye kingo nyekundu niliokusukia mimi.

"Bi Esha, wenda?"

"Siendi."

"Nikuletee nini?"

"Karafuu."

Sikugeuka, mtuzi ulikuwa motoni. Kisha nikaya hapa dirishani. Niliuona mwavuli wako ukipita tini ya miguu yangu, ukenda hivyo mpaka pale ndia ikatapo kona. Nikasema nitakwenda na ile ya ng'ombe ikiya. Ikaya, ikapiga honi, ikaenda, nami niko mekoni.

Ulisema wenda mwezi mmoya. Ukaolewa huko na mwuza karafuu, basi hizo karafuu ulizipata wewe. Sikulaumu. Mtu hukaa anapopendezwa. Nyumba yako alikaa mwalimu mmoya wa Faza, mkewe hodari wa kufuga kuku, kuku wakapanda mpaka wikioni. Nikafunga mlango wa upande wako, ukafunguliwa na kuku. Lakini hayo si uliyoniuliza.

Nataka kukwambia habari ya Mwanakombo wa Shela. Yeye alikuwa melini siku ile uliposafiri, nyeupe hiyo hiyo, na aliporudi akaya kunisabahi. Alinambia bahari ilikuwa shwari. Alinambia ulikaa sitahani tangu Amu mpaka Unguja, uso wazi, hukulala ndani, wala kikaango cha Mgoa hukukigusa. Na ubavuni mwako kiti cha turubali kitupu, na yuu yake mkoba. Pale Mombasa wakapanda watu wengi, viti vikawa havitoshi. Akaya mama mmoya mnene, apumua, akakuuliza:

"Kiti hiki kina mwenyewe?"

"Kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yuaya."

Yule mama akasimama, akangoja, meli ikang'oa nanga. Akasema, "Huyo mwenyewe aya kwa kuogelea?" Watu wakateka. Nawe hukuuondoa mkoba. Mwanakombo asema mpaka minara ya Unguja yaonekana, mkoba uko pale pale, umekaa kama bibi.

Nilimpa Mwanakombo kahawa, nikamuuliza habari za nduguze.

Sasa huyu baharia wako kaniletea salamu zako, akasema maneno mawili matatu kama aliyeyahifadhi. Kwamba mato yako yameingia weupe. Kwamba lile la kushoto halioni tena, na la kulia waona kama mtu aliye nyuma ya kitambaa cha shashi. Kwamba umesema, "Mwambie Bi Esha aye ningali naona." Kisha ukaongeza, maana wewe huwezi kumaliza neno bila mzaha, kwamba nikiya na nyeupe utaiona ikiingia, kwa kuwa ni kubwa na yang'aa, lakini nikiya na ya ng'ombe utaiyua kwa harufu, basi yote sawa kwako, nikhitari mwenyewe.

Rukia ameweka kalamu tini. Tukua kalamu, mwanangu.

Weupe mtupu, ulisema, nanyosha mkono siuoni. Mimi si mwenye kuyua ndoto, Zuwena. Bi Mkuu ndiye aliyeyua, naye amekwisha kufa, na hakuota kitu.

Wataka niseme nakukumbuka? Nnaloyua ni hili. Naketi humu wikioni, nakuna nazi mbili. Nyumba hii kwa mtuzi wake yatosha nazi moya. Miaka yote hii Ali aniuliza, "Mama, nani akuya kula?" Nami nimeshakuna. Mkono wangu si mwepesi wa kufundishwa.

Na magoti yangu nayo si yale. Mwaka huu naweza kushuka mashuani kwa kushikwa mkono. Mwakani sisemi. Mato yako na magoti yangu yamekubaliana kutuambia tusikawie.

Ali asema, Mama, fikiri sitara. Nimefikiri. Nimekaa nyuma ya pazia maisha yangu yote wala silijutii, pazia lilinitunza. Lakini nikikaa nyuma ya pazia mpaka Unguja, nikashuka nimefunikwa katikati ya wanawake wa ng'ombe, wote buibui moya, kimo kimoya, nawe pale forodhani una ito moya la shashi, utaniyuaje? Utashika mkono wa nani? Hilo Ali hakulifikiri. Wanaume hufikiri mwendo, hawafikiri kufika.

Barua hii yatangulia na baharia wako kesho. Nimekutilia nazi, na papa mkavu, na ubani kidogo wa kumfukizia yule mumeo, mpe salamu zangu ingawa sijui nimwiteje. Mume wa mke mwenzangu, Rukia, ni nani yangu? Hayui. Kasoma kitabu chote na hayui.

Na mikate nitaoka mwenyewe, ya mofa, ya

Huyo Ali, aita dakani, mlangoni tini.

"Mama! Wakili anyanyua kiti chake! Nikamwambie nini, nyeupe au ya ng'ombe?"

Mwambie asimame hapo. Rukia, nipa buibui langu, na kile kiatu kilicho karibu, na hicho chengine. Mtoto huyu ashangaa. Ndiyo, nakwenda mwenyewe, nikamwambie wakili kwa kinywa changu, na ni mtana, na yua li yuu, na ndia nzima itaniona. Wataona nini, bibi kizee apita. Andika upesi. Zuwena, enda forodhani siku ya nyeupe. Nitakaa sitahani, mbele ya watu, mahali palipo wazi. Ukiona kitu cheusi kimesimama penye weupe wote ule, ndimi. Na mtu akikuuliza wangoja nani, mwambie yuaya.

Nimekuya, Ali, nimekuya! Rukia, nitilie mwisho wake:

mke mwenzio,
Esha