Mnandi wa Hamphrey

Getrude, nina wivu!

Wiki nzima nimelala kwenye matete ya ziwa hapa Liuli nikimsubiri mnandi atue kwenye jua la jioni, nimpige picha ya kumpa Aurelia. Ndege mweusi, mwoga kuliko mimi mbele ya Aurelia mwenyewe. Akiniona tu, huyoo!

Leo Hamphrey, huyu huyu tuliyesoma naye, kapita na beseni la usipa, dagaa wa ziwa letu, kama anakwenda kuanika. Mnandi kamfuata! Kampiga picha kwa simu tu. Manyoya meusi yanang'aa kijani. Kwa simu, Getrude!

Kamtumia Aurelia, naye kaiweka kwenye profaili yake.

Halafu kaniandikia: "Kaka, huyo aliyelala kwenye matete kule nyuma kwenye picha ni mlevi?"

Kaka!

Nimejibu: "Simjui. Ila picha ni nzuri."

Na kweli ni nzuri.