Muzee Chabani Bado Anaandika

Kalemie, tarehe 6 mwezi wa saba 2024

Mujukuu wangu Djamila,

Salamu alekum. Natumaini uko muzima, unakula, na haujaanza kuvaa zile nguo za kubana. Mimi magoti njo yananisumbua, mengine namushukuru Mungu. Nimempa Mama Bijou, yule muuza dagaa, karatasi hii avuke nayo ziwa na boti, juu tukiongea kwa simu unanikatiza maneno.

Babu yako anaandika. Huu ni mwezi wa tano tangu tumuzike, na Hidaya, dada yake wa Uvira, amepata barua yake ndani ya simu: jina lake, salamu zake, hata namna yake ya kuuliza kama mbuzi wamezaa. Hidaya alianguka chini. Imamu naye amepata. Sasa watu wanasema dua ya mazishi ilikuwa na kasoro. Nikawaambia mimi nilikuwepo alipokata roho, najua alikwenda.

Adalbert wa siber, pale watu wanalipia intaneti, anasema ni virusi ndani ya mashini ya muzee. Nilimwambia aweke antivirusi mbili, kama sentineli wawili: mumoja akisinzia, mwenzake aangalie. Alizitoa kwa kle yake, kale kadude ka kuchomeka kwenye mashini, bule. Sasa mashini inachukua saa nzima kuamuka, na muzee bado anaandika. Wewe ulisoma mambo hayo. Sema dawa ya kweli ni ipi, usinizungushe.

Bibi yako

*

Kigoma, 15 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dagaa wa Mama Bijou. Mimi mzima, nakula, kazi ya kutengeneza kompyuta inaendelea. Pole kwa magoti.

Si babu, Bibi. Hata mimi nimepata barua yake, na nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kukumbuka kazi yangu. Kirusi kimeingia kwenye barua pepe zake. Kinachukua zile alizoandika kweli zamani, kinazirudisha kwa watu wale wale, na chini kinaweka faili. Anayeifungua anaambukizwa. Ndiyo maana maneno ni yake.

Antivirus mbili hazilindani. Kila moja inamwona mwenzake mwizi, zinapigana, mashine inaganda. Adalbert aziondoe zote. Za kwenye kle ya mtu hujui zimepita wapi. Iwekwe moja tu, itoke kwa wenyewe walioitengeneza. Si lazima ulipie. Ile inayokuja ndani ya Windows inatosha, mradi ijisasishe yenyewe. Mwambie akuonyeshe tarehe iliposasishwa mwisho, ikiwa ya mwaka juzi haifai. Kisha aikague mashine yote, abadilishe neno la siri la barua za babu. Mpaka hapo, kata intaneti.

Mjukuu wako

*

Kalemie, tarehe 2 mwezi wa nane 2024

Djamila,

Salamu alekum. Mimi niko. Unaandika "kujisasisha" sasa, Kigoma imekumeza.

Zile mbili Adalbert ameziondoa. Hiyo moja nimemwambia angoje. Intaneti sijakata. Nataka unijibu jambo moja tu: virusi ikikufa, muzee hataandikia tena muntu, hata mumoja?

Bibi

*

Kigoma, 10 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo, na samahani nikisema kwa ukali. Hataandikia mtu tena, na hilo ndilo tunalotaka. Barua zake za zamani zitabaki salama. Wiki hii nimepata mbili, moja ni ile aliyoniandikia nilipofaulu mtihani. Bibi Hidaya anaogopa kushika simu. Unangoja nini? Kuna nini kwenye mashine hiyo?

Djamila wako

*

Kalemie, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Mujukuu wangu,

Salamu alekum. Nilikaa kimya juu nilikuwa na haya, na haya siijui sana.

Mujomba wako Twahiri, mutoto wangu, yuko Ndola, kule Zambia. Miaka tisa imepita tangu nimufukuze, juu ya kumuoa Victorine, binti wa Kikristo. Nikasema jina lake lisitajwe kwangu. Muzee alipokufa nilikataza watu wote kumwambia.

Adalbert alipofungua barua za muzee niliona jina hilo, limejipanga kutoka juu mpaka chini. Kila Ijumaa akitoka musikitini babu yako alimuandikia. Miaka tisa. Mimi nilikuwa namuletea chai pale kwenye mashini, nikidhani anaandika mambo ya musikiti.

Na Twahiri anajibu. Anajibu virusi. Adalbert alinisomea: "Papa, miezi minne ya kimya, nilikuwa na hofu. Faili yako haifunguki. Na barua hii uliituma tayari, ule mwaka wa maji kupanda. Unazeeka, Papa. Tuma tu, hata za zamani."

Nikamwambia Adalbert azime, aende kwake.

Umeelewa? Kule Ndola muzee yuko muzima. Nikiweka antivirusi yako, mimi njo namuua.

Bibi

*

Kigoma, 17 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma, nimelia. Mjomba akigundua mwenyewe, itakuwa mbaya zaidi. Mimi siwezi kumwambia badala yako.

Djamila

*

Kalemie, tarehe 27 mwezi wa tisa 2024

Djamila,

Adalbert ameweka moja, ile ya Windows. Nimeona tarehe, ni ya leo. Neno la siri limebadilishwa. Hii karatasi ya pili ipige picha umutumie Twahiri. Usisahihishe kitu.

Bibi

Twahiri,

Salamu alekum. Mimi niko. Sijui kama uko muzima, wala watoto wako ni wangapi. Ilifaa nijue.

Baba yako alikufa tarehe 9 mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, mbele ya adhuhuri kufika. Tulimuzika siku ile ile. Haukuambiwa juu mimi nilikataza. Usimuulize Hidaya, usimuulize muntu mwingine. Ni mimi.

Barua ulizopata tangu pale, ni ugonjwa wa mashini uliozituma. Zifute, na mashini yako itibiwe, Djamila atakuambia namna. Zile alizokuandikia mbele ya kufa zote ni zake za kweli. Zichunge.

Ijumaa hii hautapata kitu. Kama unataka kunitukana, uje unitukane hapa nyumbani, na Victorine aje akusaidie.

Mama yako