Zulia la Njoo Kesho

Kwako Dada,

Kabla ya yote pokea tangazo rasmi, na kama umesimama tafadhali tafuta kiti: masharubu yangu hayapo tena. Yaliondoka Jumatatu asubuhi mbele ya kioo cha bafuni, baada ya kunitumikia kwa uaminifu tangu nikiwa kijana mwenye kiuno. Yameacha mdomo mpana na mtu mzima anayefanana na shangazi. Mke wangu aliponiona alinisalimia kama mgeni na kuniuliza namtafuta nani.

Sasa salamu. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anabishana na redio, au siku hizi redio imeshinda? Mama anakula vizuri? Wanao nasikia wamekuwa warefu hadi wanainama mlangoni. Waambie mjomba wao anazidi kurefuka kwa upande. Sisi huku ni wazima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, nawe utanielewa ukifika chini.

Barua hii sikuipeleka posta, na simu nimeiogopa, maana siku hizi ukiongea unasikia kama kuna mtu wa tatu anavuta pumzi. Aliyekukabidhi ni Nesi, yule mwanamke mrefu anayecheka kwa mabega. Mpe chai, na usimuulize kitu mpaka umalize kusoma.

Uliwahi kutaka kujua kikundi chetu cha vichekesho kilianzaje, nikakujibu juujuu. Ukweli ni kwamba kilianza na uongo wangu wa kifundi. Unanijua: kochi la mteja likikaa karakanani kwangu mwaka mzima, kila akija namwambia limebaki kupigwa misumari tu, njoo kesho. Basi nilikuwa nimeng'oa springi za kochi la Nesi nikamalizia kochi la Mwalimu wa Hesabu, na siku hiyo wakatokea wote wawili kwa mpigo. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikajitupa kwenye lile zulia langu jekundu lililochakaa, nikajifanya mahututi. Nesi akaniinamia, akanishika mkono, akatangaza kwa sauti ya wodini kwamba nimeoza tangu juzi. Mwalimu, bila kucheka, akaanza kupiga hesabu ya mazishi na kugawa nyundo zangu kwa warithi. Watu waliokuwa wakipita wakajaa mlangoni, wanacheka mpaka wanashikana. Jumamosi iliyofuata walirudi wakauliza fundi anakufa saa ngapi.

Ndivyo tulivyozaliwa, na jina tukajiita Njoo Kesho. Kila Jumamosi alasiri tulisukuma makochi ya wateja yakawa viti vya watazamaji (wenyewe wakija kuyadai walikuta yamekaliwa na majirani), tukatandika zulia katikati, tukamwomba yeyote atupe neno. Akisema "kisima", tunacheza kisima. Hakuna aliyeandika wala kukariri kitu. Sheria ilikuwa moja: ukikanyaga zulia, usemalo ni kweli, na mwenzako hakatai. Ukiniambia mimi ni bata, nakuuliza bwawa liko wapi.

Na hivyo ndivyo tulivyoongezeka. Hatukuwa na usaili. Kitinda, mdogo wetu, alivuka barabara kutoka kwenye kibanda chake cha kinyozi, mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi, akakanyaga zulia akalia kwamba yeye ni mjane wangu na nimemwachia mimba. Kuanzia hapo akawa wetu. Mwoka Mikate aliingia kutudai trei zake, akakanyaga zulia kwa bahati mbaya, tukamfanya jaji. Kumbe ana kipaji, akatufunga wote. Wengine walikuja wakaondoka kwa sababu za kuchekesha. Dereva mmoja alituacha kwa kuwa mkewe alisema anamtosha kumchekesha nyumbani, tena bila kukusudia.

Lakini Dada, aliyejaza karakana alikuwa Kitinda. Unajua anavyoiga sauti tangu utotoni. Alivyokuwa akikuita kwa sauti ya Mama, nawe unaacha vyombo unakimbia. Kule kibandani kwake watu husema kila kitu wakiwa wamefumba macho, naye huokota sauti kama wengine wanavyookota vifungo. Akaokota ya yule bwana mkubwa wa ofisi ya kilimani, yule anayekohoa kidogo kabla ya kila ahadi. Kitinda akikohoa tu, kabla hajasema neno, watu wanaanguka kutoka kwenye makochi. Wengine walikuja kutoka mitaa ya mbali kusikia kile kikohozi.

Ndipo akaanza kuja bwana mmoja tuliyempa jina la Bwana Mlangoni, kwa kuwa kila mara alichagua kochi la karibu na mlango, lile la kijani lisilo na mkono mmoja. Viatu vyake vilikuwa visafi kuliko mtaa wetu. Tukiomba neno, yeye huwahi wengine, kwa upole kabisa: tuletee yule mwenye kikohozi. Jumamosi ya kwanza, ya pili, zote. Na sisi hatukatai. Kitinda anacheza, watu wanaanguka, yule bwana anatazama.

Nesi ndiye aliyeona kwanza. Alinivuta nyuma ya marobota ya sponji akaniambia yule mtu hachekagi hata mara moja. Anasikiliza kama daktari anayesubiri mgonjwa amalize kujieleza ili amwambie tayari alikuwa anajua. Akaniomba tuache sauti ile. Nikamtania kwamba wodi imemharibu, kila mtu aliyenyamaza anamwona anakata roho. Hakucheka kwa mabega siku hiyo. Alisema yeye hatapanda tena zuliani mpaka lile kochi la kijani liwe tupu, na hakupanda.

Baada yake Mwalimu akapata uhamisho kwenda shule ya mbali ambayo hakuiomba, barua ya asubuhi na gari la mchana. Nafasi zao zikajazwa na vijana wawili waliokuja siku moja, wakakanyaga zulia, wakasema wao ni mapacha. Wachangamfu, ila vichekesho vyao vilikuwa maswali matupu: sauti ile umeitolea wapi, bwana mkubwa unamjulia wapi, na nani mwingine anaijua. Kitinda alijibu kwa mzaha, watu wakacheka. Wiki iliyofuata mapacha hawakuja tena. Mwoka Mikate aliniuliza kama nimegundua kwamba viatu vyao ni vya aina moja na vya Bwana Mlangoni. Nikamwambia labda wana fundi mmoja, tena anayetimiza ahadi, tofauti na mimi.

Dada, nilikwambia kwenye simu kwamba Kitinda amesafiri kikazi na kule aliko mtandao ni mbovu. Hajasafiri. Nakuandikia yaliyotokea kama yalivyotokea.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, jua bado kali, karakana imefurika hadi barabarani. Nilikuwa nacheza mama mzazi, kitambaa kichwani na masharubu yangu chini yake, na Kitinda ndiye mwanangu mvivu. Wakaingia wanaume wawili ambao sijawahi kuwaona, wakapita katikati ya makochi, wakakanyaga zulia. Mmoja akasema, "Tumekuja kumchukua huyu bwana."

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza swali moja la mtu mwenye akili. Mimi nikapiga vigelegele. Nikasema mchukueni jamani, miaka yote anakula tu na kukoroma, mkimrudisha nawashitaki! Karakana ikalipuka. Nikaenda kwenye msumari nikachukua koti lake, nikamvalisha mwenyewe, nikamfunga vifungo mpaka shingoni kama tulivyokuwa tukimfunga akienda shule. Nikachukua kamba ya kufungia springi nikawapa wamfunge, asije akawatoroka njiani. Yule wa pili aliitazama kamba, akanirudishia kwa adabu, akasema asante mama, tunayo yetu.

Watu walicheka kuliko siku zote.

Kitinda alinitazama. Akasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe ambayo zuliani huwa haitumii, "Kaka, hii siyo." Alikuwa ananikatalia mbele ya watu, na sheria ni sheria. Nikamtia kibao cha mchezo mgongoni nikamjibu, "Siyo nini? Zuliani hakuna siyo! Nenda mwanangu, ukafunzwe kazi!" Nikawafungulia njia. Mwoka Mikate akawashikia mlango huku akiwapigia saluti. Bwana Mlangoni akainuka kutoka kochi la kijani na kupiga makofi, mara ya kwanza tangu tumfahamu, akatoka nyuma yao. Tukasikia milango ya gari. Watu wakaendelea kushangilia mpaka mlio wake ukapotea.

Tulisubiri arudi tuiname pamoja kuaga. Tulimwachia nafasi katikati, mimi huku na Mwoka Mikate kule, tumenyoosha mikono kumkaribisha. Watazamaji walidhani hata hilo ni sehemu ya mchezo.

Nilikwenda ofisi ya kilimani siku hiyohiyo, kitambaa nimekisahau kichwani. Karani hakuniruhusu kukaa. Alisema hakuna mtu wa jina hilo, na kama yupo, njoo kesho. Nikaenda Jumapili, njoo kesho. Wateja wangu wote, Dada, wamelipiziwa kisasi kwa siku mbili. Niliporudi nikamkuta Mwoka Mikate ananisubiri uchochoroni: watu wamepita dukani kwake wakamuuliza yule aliyecheza mama anakaa wapi, yule mwenye masharubu.

Sasa unajua kwa nini niliyanyoa. Nilidhani nitajificha nyuma ya mdomo mtupu. Nimekaa siku tatu nikijifungia ndani, nikijiona mjanja, na kila nikijitazama kiooni namwona yule mama aliyemvalisha mwanawe koti. Kwa hiyo kesho napanda tena kilimani, na safari hii sitauliza kama yupo. Nitawaambia kaka yake ni mimi, kwamba ni mimi niliyemwita Kitinda zuliani kila Jumamosi, na kwamba sitoki bila yeye. Waniambie wanavyotaka. Nitakataa.

Mama msimwambie mpaka usikie kutoka kwangu au kwa Nesi. Akiuliza, muigie sauti ya Kitinda ukiweza. Mimi nimejaribu nikashindwa. Kochi lako limebaki kupigwa misumari tu, na safari hii ni kweli: misumari nimeiacha juu yake, Mwoka Mikate atamalizia. Msalimie Shemeji, uwabusu wanao mmoja mmoja, na hilo goti ulipumzishe.

Ni mimi mdogo wako, asiye na masharubu,
Fundi