Mstari Uliofutwa na Sefu

Jumamosi, upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Shajara yangu, niwie radhi. Nimekutelekeza tangu Zuhura aanze kuota meno, na leo nakurudia na hasira.

Kiwanda chetu cha kukamua alizeti kilipouzwa kwa mtu binafsi, mizani iliunganishwa na kompyuta. Programu yake, ya lugha ya C, aliiandika Kaka Sefu wa Dar. Mimi, wa kidato cha nne na cheti cha miezi sita, naitunza. Bado niko kwenye majaribio.

Juma lililopita Sefu alikuja kuisafisha. Kuna kipande cha zamani tulichokizima kwa #if 0, yaani ruka mpaka #endif. Ndani yake mlikuwa na #if nyingine ndogo, na #endif yake. Sefu akaifuta hiyo #endif ya ndani.

"Kaka, hiyo si ndiyo inayofungia?"

"Dada, humo mmezimwa. Kompyuta haisomi. Nenda kanyonyeshe."

Akapanda basi.

Jumatatu nikaiandaa programu upya ili iingie bei mpya. Ikagoma. Getini wakulima wa Mlali wamekalia magunia yao.

"Mama Zuhura, umegusa nini?" Meneja akafoka mbele yao. "Au akili umeiacha kwenye nepi?"

Watu wakacheka.

Nilichapa kurasa zote, nikaondoka nazo saa ya kunyonyesha. Nyumbani, Area D, Zuhura akiwa ziwani, nikahesabu kwa kidole. Kweli, kilichozimwa kompyuta haikitekelezi. Ila inapita humo ikihesabu: imefunguliwa moja, imefungwa moja. #if ya ndani ilipokosa #endif yake, ikachukua ya nje. Ya nje ikabaki wazi, na kila kilichofuata kikarukwa hadi mwisho wa faili.

Nikarudisha mstari mmoja. Mizani ikafanya kazi.

Mstari mmoja tu!

Meneja akampigia Sefu simu. "Nilimwonya asiguse," Sefu akasema, bila hata kumeza mate. Nikaandikiwa onyo. Ijumaa ndiyo wanaamua kama nabaki.

Siombi huruma, na mwanangu hatakula matusi. Barua kwa Sefu nimeipeleka leo, na nainakili hapa nisije nikalegea:

Kaka, nitumie diski yenye faili kama ulivyoliacha siku ile. Nitumie karatasi yenye sahihi yako, kwamba mstari uliufuta wewe. Na nakala ya karatasi hiyo, kwa jina la Meneja. Vyote vifike kabla ya Ijumaa.