Jibu la Salamu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako anayekukumbuka sana. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kifua cha yule mdogo kimepoa. Mimi mwili hauna neno. Kuhusu Baba hakuna jipya, mto haujamrudisha. Mama na Mama Mdogo bado wamehifadhiwa katika darasa la shule, nami nakuandikia kukuomba uje umchukue Mama upesi. Sababu yake ilinishinda kuitamka kwenye simu.

Unajua serikali ilivyotujia. Maji yalipokuja, haikuwapo. Yalipokauka, ikafika na blanketi chache na kamera nyingi. Waziri, ndani ya mabuti mapya ya mpira, alisimama juu ya tope lililokwisha kuwa vumbi, akatuambia kazi ya Mungu haina makosa. Kweli haina! Lakini je, ni Mungu aliyeuacha mfereji mkuu uzibe miaka nenda miaka rudi? Ni Mungu aliyekataa kupokea simu za uokoaji, watu wakiwa juu ya mapaa wakipunga mashuka?

Manung'uniko yalipozidi, redio ya serikali ilianzisha kipindi cha maoni ya umma. Na ajabu ya umma huo, Dada, kila aliyeulizwa alikuwa ameridhika! Sauti moja ilirudiwa asubuhi na jioni: mwanamke aliyekaukwa na koo akisema, "Nzuri, mwanangu, tunashukuru." Basi. Hapo muziki huingia, na mtangazaji hutujulisha kwamba waathirika wanaipongeza serikali yao sikivu.

Damu ilinichemka. Kwenye mkutano wetu chuoni niliirusha sauti ile katika vipaza sauti, nikauliza: taifa litajikomboa vipi, ikiwa anayezama anamshukuru anayemtazama? Nikambatiza yule mwanamke Bi Shukrani. Nikamwigiza, mkono kifuani, goti chini, na ukumbi ukavunjika mbavu. Kesho yake jina lilikuwa sokoni. Halikukawia kufika kambini, pale shuleni, ambako wanawake wa foleni ya maji walianza kumuuliza mwenyewe kama leo ameshashukuru au bado.

Ndipo Mama Mdogo alipotokea kwenye lango la chuo. Alinipongeza mbele ya wenzangu: msomi mzima, nimemtukana aliyenizaa, tena kwa kipaza sauti, asije akakosa kusikia.

Dada, sauti ile ni ya Mama. Ilikauka kwa kumwita Baba juu ya maji. Sikuitambua, kwa kuwa tangu mafuriko nilikuwa nikiwasemea waathirika wote bila kwenda kumtazama wa kwangu.

Mama Mdogo alikuwa ameketi naye siku ile ya mahojiano. Anasema mtangazaji alimwamkia kwa adabu, akamuuliza habari za hapo. Mama akajibu kama alivyotulea sote: nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua, halafu "ila". Ila mume wangu kachukuliwa na maji. Ila tulipiga simu mpaka kukacha, hakuja mtu. Wao wakakata kabla ya "ila", nami nikaimalizia kazi yao bila hata mshahara.

Nilikwenda redioni kudai maneno yaliyosalia. Wakanijibu kwamba hayapo. Wenzangu wananisihi ninyamaze, eti ukweli huu utaipa serikali ushindi. Nimewaambia Ijumaa nitapanda jukwaa lile lile niuseme, wapende wasipende.

Lakini haitamsaidia Mama. Nilipokwenda kambini nilimkuta akikunja blanketi, nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaendelea kukunja. Nilidhani ananiadhibu, na ni haki yangu. Kisha jirani akapita mlangoni akamsabahi, na mtoto wa jirani naye, wote hawakujibiwa. Haitikii salamu ya mtu tena.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto. Ukifika, tafadhali, usimuulize habari. Keti tu karibu naye.

Ni mimi, mdogo wako mwenye maneno mengi.