Lengalenga ya Mbegu

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemwagilia. Ndoo kumi na nne kutoka ziwani, kiuno kinalia. Mashina sita ya lengalenga, mchicha wetu, niliyoyaacha yatoe mbegu yamekomaa. Jumatatu nitakata vichwa. Mbegu ya matuta ishirini, yaani mboga ya kiangazi chote kwa sisi saba. Niliichagua mwenyewe, msimu kwa msimu, tangu kanisa la Likasi litutume huku Tshangalele na maombi mengi, mfuko wa unga hata mmoja hakuna. Sokoni hakuna yenye jani pana namna hii.

Petro, mume wangu, anaandaa mahubiri ya Jumapili ya mavuno. Yeye aliitwa na Mungu. Mimi niliitwa na matumbo ya watoto.

Jumapili, 19 Aprili

Nina hasira.

Mbele ya madhabahu, kati ya mihogo na maboga: mashina yangu sita. Yameng'olewa pamoja na mizizi. Petro alipita bustanini alfajiri kuchukua malimbuko, akachagua marefu kupita yote. Mume wangu, mtoto wa mjini.

Mke wa mmisionari hagombei kitu madhabahuni, na kilichowekwa pale hakirudi nyumbani. Baada ya ibada mavuno yakanadiwa. Mama Kyungu, mjane mzee, akayatikisa mashina yangu juu: "Pasta, hii lengalenga iko na ndevu kushinda yako!" Kanisa zima likacheka. Mbegu zikamwagika kwenye simenti. Hakuna aliyenunua. Wakawatupia mbuzi.

Nyumbani nilimwambia Petro alichofanya. Akakaa chini. "Minye niliona njo za muzuri kupita zote, Mama Ruti. Nilitaka kumupa Mungu ya muzuri."

Bukari ya unga wa mahindi nilimwekea, mboga hapana.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilitafuta chekeche yangu ya unga. Haipo. Nikaikuta kanisani. Petro kapiga magoti, unyoya wa kuku mkononi, anafagia nyufa za simenti.

Nikasema, cha madhabahu hakirudi.

"Vumbi hakuna muntu alitoa sadaka," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Hii ni mbegu ao ni muchanga?"

Nikamnyang'anya chekeche. Tulichekecha mpaka jua likawa kali. Kiganja kimoja, hakijajaa. Matuta mawili, kama itaota. Tumeipanda leo hii.

Jumatatu, 27 Aprili

Imeota. Pamoja na magugu yote ya kijiji, yaliyokuja kanisani kwenye viatu. Nimemwita Petro aone. Alivua kofia.

Jumamosi, 9 Mei

Mawingu kidogo, upepo wa ziwa. Petro anapalilia. Kwanza aliuliza kila jani: hii? na hii? Baadaye akaacha kuuliza, akaanza kuimba chini chini. Akang'oa shina moja zuri la lengalenga, akalitupa kwenye magugu, akaendelea.

Niliona. Nilimpelekea maji ya kunywa.